If tisa na mukono ya Paluku

Masika mwana wangu,

Habari ya manguo, ya chakula ya njiani na ya namba za batu ba Kampala, shangazi yako atakwambia. Yeye anapenda ile kazi, na miye leo sina moyo yake. Miye niko naandika kitu ingine. Niko naandika vile ninaongeaka hapa nyumbani, si ile Swahili ya kusoma kanisani, juu nikianza kutafuta maneno ya kupendeza nitapata fasi ya kujificha, na nimejificha miaka kumi.

Nasema mara moja, usijiulize mama anazunguka nini. Baba yako hakufa juu ya kosa ya Paluku. Kode yangu njo ilimwambia apite. Paluku alikosa mustari moja, kweli, mais alikosa juu miye nilikuwa nimeandika kitu yenye mutu hawezi kusoma, na alikuwa ameniambia mara mbili. Halafu kwenye kilio, kwenye matanga ya baba yako, miye njo nilimwonesha batu kwa kidole. Kesho unaenda kufanya kazi ya kuandika kode kwa biro ya batu bengine, na sitaki upande bus na ile uongo kichwani, hata kama kweli itafanya usinipigie tena telefone.

Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Nilikuwa nafundisha informatique, na bakubwa ba benye kamio baliniomba nibatengenezee kitu ya njia. Unakumbuka vile njia ilikuwa toka Beni kupita Oicha. Kamio inaondoka asubui na maharagi, mangaribi tunasikia imeunguzwa, shofere amekatwa na mupanga. Kila shofere alikuwa anapigia rafiki yake kuuliza kama njia ni muzuri, na rafiki anamujibu vile alisikia jana. Donc niliandika programu. Shofere anatuma jina ya fasi yenye anaenda kwa mesaje, programu inaangalia, inamujibu neno moja, PITA ao NGOJA. Ordi, ile kompyuta, ilikuwa kwenye biro yetu karibu na soko, hapa Butembo, na Paluku njo alikuwa anaikalia siku yote, anapokea habari za basoda ba jeshi na za batu ba vijiji, anaziingiza.

Paluku alikuwa mwanafunzi yangu, wa kwanza kwa akili kati ya bote nilifundisha. Mwembamba, haongei sana. Siku ya Mungu alikuwa anakula kwetu, na weye ulikuwa unamwita yaya, kaka yako mukubwa. Unakumbuka? Sizani unapenda kukumbuka.

Sasa sikia vile nilikuwa nimeandika, weye unajua hii kazi, utaona haya juu yangu. If ya kwanza inauliza: hii namba tunaijua? Kama ndiyo, unaingia ndani, kuko if ingine: ni kamio ao ni moto, ile piki-piki? Kama ni kamio, unaingia tena: iko na basoda ba kuisindikiza? If tisa, moja ndani ya tumbo ya ingine, mustari zinakimbia kulia mpaka zinatoka kwenye ekra. Na ile swali yenye hata mutoto angeanza nayo, njia imefungwa ao haikufungwa, ilikuwa chini kabisa, ndani ya if ya saba. Jibu nayo niliiweka toka mwanzo kuwa PITA, halafu zile if zote zinaweza kuigeuza zikitaka, na return, ile neno ya kutoa jibu na kutoka, ni moja tu, mustari ya mwisho.

Profesa yetu njo alitufundisha vile. Ordi ilikuwa moja kwa banafunzi makumi ine, donc tulijifunza kuandika kode na chaki kwenye tablo. Alikuwa anasema fonksio, kipande moja ya kode, iko na mulango moja ya kuingilia na mulango moja ya kutokea. Ukiandika return mbili, anakukatia pointi zote, anakuita mwivi wa kupita dirisha mbele ya darasa nzima. Nilishika ile kitu kama katekisimu. Na miye nikabafundisha bangu vile vile, na kukata pointi vile vile.

Paluku alikuja na karatasi. Alikuwa amekopia fonksio yangu yote kwa mukono na kuipindua. Kukataa kwote ameweka juu. Njia imefungwa, return NGOJA, imeisha, hakuna haja ya kusoma zaidi. Namba hatuijui, return NGOJA. Basoda habako, return NGOJA. Kila moja na mustari yake, hakuna kuingia ndani ya ndani, na chini kabisa inabakia mustari moja ya PITA, ya mutu mwenye amepita kwa kila kitu. Nilicheka. Nilicheka mbele ya banafunzi, nikasema hii ni kode ya muvivu, mutu mwenye hawezi kushika kitu tisa kichwani atafute kazi ya kuuza mandazi. Alichukua karatasi yake, akaikunja.

Mara ya pili hakuleta karatasi. Alisimama tu pale kwenye mulango ya biro, akasema:

“Mama Masika, siku moja nitaisoma na haraka, na sitaona kitu.”

Nilimwambia ajifunze kusoma.

Ile siku nilikuwa Kipese, kwa bibi yako, tunatoa biazi. Unajua kule rezo ya telefone inashika tu juu ya mulima, pa mikaratusi. Kabla ya saa ine ya asubui telefone ililia. Ni Paluku. Shofere moja alimupigia kumutukana, kwamba programu imemujibu PITA na yeye mwenyewe alisikia masasi mbele ya Oicha akageuza kamio. Paluku aliuliza kwa vijiji, bakamwambia basoda balitoka usiku kwenye barriere, kizuizi yabo ya njia, na batu ba pori, bale benye kuuaka bashofere, bamevuka njia. Aliandika kwenye orodha kwamba njia imefungwa. Programu ikaendelea kujibu PITA. Nilijua mara moja sababu. Kamio yenye imeandikwa kwamba iko na basoda, kode yangu ilikuwa inairusha, haifike hata kwenye swali ya njia kufungwa. Nilikuwa nimefikiri, kama basoda beko, njia iko wazi. Sikufikiri basoda banaweza kuondoka na kuacha jina yabo kwenye orodha.

Paluku alisema tuzime. Sikia hii muzuri, Masika, juu sijawahi kuiambia mutu isipokuwa padri. Alisema tuzime ordi, tupigie bashofere moja moja. Miye njo nilisema hapana. Nilisema tukizima leo, kesho hakuna mwenye atatuamini, tunatengeneza kwa dakika tano. Nilikuwa naogopa bakubwa ba kamio baseme programu ya mwanamuke imekufa.

Basi nikaanza kumwandikisha kode kwa telefone. Miye juu ya mulima, mikono na udongo ya biazi, yeye mbele ya ekra Butembo. Shuka kwenye if ya ine. Si hiyo, ya ine ya ndani. Umeona akolade, ile alama yenye inafunga if? Ngapi? Anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, rezo inakatika. Napiga tena. Anahesabu tena. Kuko fasi mbili kwenye ile fonksio zenye zinaisha na akolade tano zenye zinafanana kabisa, moja ya kamio, moja ya moto. Nilikuwa namupigia makelele. Nilimwita kichwa ya mawe. Nilimuuliza kama mama yake alizaa mutu ao alizaa kiti. Mara ya tatu rezo iliporudi akasema ameandika. Akajaribu na namba yake mwenyewe.

“Imejibu NGOJA,” akasema. Alikuwa na furaha.

Nilimwambia unaona sasa, nikarudia biazi. Namba yake ilikuwa imeandikwa ya moto. Aliweka mustari upande ya piki-piki, kwenye mukono ya moto. Kwa kamio, hakuna kitu kilikuwa kimegeuka.

Kama tungekuwa tumechukua ile karatasi yake, ningemwambia neno moja, andika mustari ya kwanza. Angeiandika hata na macho ya kufunga. Nimefanya ile hesabu usiku na muchana kwa miaka kumi, na kila mara inatoka vile vile.

Baba yako alikuwa Oicha na Fuso ya maharagi na mafuta ya ngazi, ile ya mawese. Alituma jina ya Eringeti. Programu ikamujibu PITA. Kamio zingine mbili zilikuwa zinangojea, bashofere babo habakutaka, balisikia maneno. Hii nimeambiwa na mama moja mwenye alikuwa amekaa juu ya mifuko, mwenye aliruka na kujificha ndani ya shamba ya kakao mpaka kesho yake. Alikuja kuniambia akiwa na miguu ya kuvimba, amekaa pale kwenye kiti yenye weye unakaliaka. Alisema baba yako aliwaonesha telefone yake. Aliwaambia: “Muke wangu anasema tupite.” Na bakamufuata.

Batu ba pori balipiga matairi na masasi. Balibashusha bote, bakabafunga mikono na kamba za muzigo yabo wenyewe. Halafu mipanga, moja kwa moja, bengine banaangalia banangoja zamu yabo. Yule mama alisema hapakuwa makelele mengi, ile njo ilimushangaza. Balipomaliza balimwaga mafuta juu ya kamio na kuwasha, na mafuta ya ngazi inawakaka pole pole, iliwaka mpaka asubui ya pili. Alisema harufu ilikuwa ya jikoni.

Kwenye kilio weye ulitaka kufungua sanduku ya baba yako. Ulishika kifuniko na mikono yote mbili, na miye nilikupiga kofi mbele ya batu mpaka ulianguka. Shangazi yako alisema ni uchungu. Haikuwa uchungu. Nilijua mule ndani hakuna baba yako mwenye unaweza kutambua, na nilijua ni nani alimutia mule.

Siku ya pili ya kilio Paluku alikuja. Alikuwa amevaa shati nyeupe. Uwanja ilikuwa imejaa, bavijana ba kartie, ba mutaa yetu, bamekaa pale kwenye moto, balikuwa bamekunywa, banatafuta mutu. Wakati batu banachinjwa kila wiki na hakuna mwenye anashikwa, bavijana banatembea na hasira, banatafuta fasi ya kuiweka. Aliingia mpaka mbele yangu, akapiga magoti. Akaanza kusema, Mama Masika, ile kode. Sikumwacha amalize. Niliona mbele yangu mutu mwenye anaweza kusema jina yangu mbele ya bandugu ba baba yako. Niliogopa, na woga yangu ilitoka na sura ya hasira, na sijui mpaka leo kutenganisha ile mbili. Nilinyosha mukono.

“Ni huyu,” nilisema. “Yeye njo alibatuma.”

Balimuvuta na shati. Nilisikia fimbo, nikasikia mawe, nikasikia mutu moja anasema leteni ile mukono yenye iliandika. Baliiweka juu ya jiwe ya kufulia, ile yetu, na bakaipiga na jiwe ingine. Nilisikia, Masika. Nilikuwa hatua kumi. Bamama balikuwa banaimba, na miye nikaimba pamoja nabo, nikainua sauti. Padri njo aliingia katikati na kanzu yake ikapasuliwa, la sivyo bangemaliza. Na Paluku hakusema kitu. Neno moja tu ingetosha: “Programu ni yake, nilimwambia tuzime.” Na bavijana bangegeukia miye. Hakuisema ile siku, na hakuisema nyuma. Sijui kwa nini. Nimejiambia ni juu alikuwa na haya, nimejiambia ni juu alikuwa anakupenda weye na hakutaka ubakie bila mama. Ukweli ni kwamba sijawahi kumuuliza.

Nyuma ya wiki moja nilifungua faili, nikaona mustari yake fasi yenye iko. Ilinichukua nusu ya saa kuiona, miye mwenye niliandika. Niliitazama mpaka kura, ile umeme, ilipokatika.

Nyuma ya miezi miwili, mutu alileta nyumbani kifurushi ya gazeti. Ndani ni flash. Fonksio yote imeandikwa upya, ile ya karatasi yake, kukataa kwote juu, mustari moja moja, PITA chini kabisa. Paluku aliiandika na mukono ya kushoto, juu ya kulia ilivunjwa. Hakuna barua. Niliiweka kwenye ordi ya biro, nikabaambia bakubwa ba kamio kwamba nimetengeneza, hawatapata tena ile shida. Balinishukuru. Mpaka leo kuko bashofere benye bananisimamisha nyuma ya misa kunishika mukono, banasema programu yangu iliwageuza njiani. Ninasema asante. Unanisikia? Ninasema asante.

Na kuko ile siku ya soko, ulikuwa na miaka kumi na ine, Paluku alikuwa anapita na mukono yake ndani ya mufuko, weye uliokota jiwe. Ulimupiga hapa, juu ya jicho. Damu ilishuka mpaka kwenye mudomo. Alikuangalia, halafu akaniangalia miye, halafu akaenda. Ulirudi kwangu, na nilikupanguza mikono na kitenge yangu. Ile jiwe ni yangu. Nilitaka uijue.

Nyuma yake ulianza kutaka kujifunza kode, na sikuwa na kitu muzuri ya kukufundishia isipokuwa ile faili. Kila kitu unaandika leo, vile unaanza na kukataa, vile mustari zako hazikimbie kulia, vile mutu anaweza kusoma fonksio yako toka juu mpaka chini pumuzi moja, ulitoa kwa Paluku. Wakati bale ba Kampala balikupa kazi, waliandika kwamba kode yako inasomeka. Nililia jikoni, na weye ulifikiri ni furaha.

Sitaki kukufundisha kazi, unanipita sasa. Utapata bakubwa benye bataamini return moja kama miye niliamini, na utapata bengine benye bananyunyiza return katikati ya fonksio kila fasi, hata benyewe habajui fonksio imetokea wapi, na ile nayo inaua. Hapana kupigana nabo juu ya kanuni. Miye nilipigana juu ya kanuni. Jiulize tu kama mutu mwenye anaogopa, mwenye rezo inamukatika, angeweza kusikia kode yako kwenye telefone na kujua pa kuandika. Na siku mutu mudogo kwako atakuletea karatasi, mwache amalize kusema. Ile njo nilikosa zaidi ya kode.

Padri aliniambia, toka ile wakati, niende kwa Paluku na kwa bandugu ba baba yako. Nilimwambia ndiyo kila Pasaka. Niliogopa nyumba yetu iunguzwe, niliogopa bakuchukue, na hii yote ilikuwa kweli kwa mwaka moja ao miwili. Sasa uko mukubwa na unaenda. Ile yenye inabakia ni haya tu, na haya si sababu.

Nitakupa hii barua asubui, kabla ya chai. Bus inaondoka saa mbili. Paluku anakaa Vulamba, nyuma ya ile ghala ya kahawa, anatengenezaka matelefone, na toka hapa ni dakika makumi mbili kwa miguu. Shangazi yako na bandugu ba baba yako batakuwa hapa kukuaga, nitabaambia bote kwanza, hapa ndani ya uwanja, kwa sauti yenye nilimwonesha nayo. Wakitaka kunipiga, watanipiga. Halafu nitaenda kwake, nitapiga magoti vile yeye alipiga.

Sikuombi unisamehe, na sikuombi uje. Ukibakia na mizigo yako ungojee bus, nitaelewa, na nitakuona kwenye dirisha kama bado nitakuwa na nguvu ya kurudi mbio. Mais kama utataka, vaa viatu vya kutembea. Nitakuwa nakungojea kwenye mulango mpaka saa kumi na mbili na nusu.

Mama yako, mwenye aliandika ile kode